Kete iliyobaki shimoni

Jumatano usiku, Ngamiani

Leo nimeshinda na karatasi ya kalenda ya zamani. Nyuma yake, mzee anayepokea maziwa kwenye kituo cha ushirika amenichorea kazi yao yote kwa kalamu ya bluu: dumu linafika, lita zinaandikwa kwenye stakabadhi, sampuli inapimwa kwa laktomita, kifaa cha kupima uzito wa maziwa, na kwa spiriti, inayogandisha maziwa yaliyoharibika, kisha malipo yanaingia daftarini.

Kwenye kisanduku cha malipo inaingia mishale miwili, wa stakabadhi na wa majibu ya kipimo. Nikamuuliza, "Mzee wangu, hapa mnangoja yote miwili, au wowote ukifika?" Akasema yote. Mama wa hesabu akadakia, "Aa, mwanangu! Mimi stakabadhi yoyote iliyopo mezani naioanisha na majibu yakija." Mchoro haukumkataza.

Nyumbani nikatoa bao. Neti za Petri, michoro ya kuonyesha kazi inavyopita hatua kwa hatua, zilizotokana na tasnifu ya Mjerumani Carl Adam Petri ya mwaka 1962, zinaingia humo vizuri: shimo ni hali, kete ni kazi iliyopo hapo, na hatua haifanyiki mpaka kila shimo linaloilisha liwe na kete. Ikifanyika, inakula kete hizo na kutia nyingine mbele.

Nikacheza siku ya maziwa mabaya. Dumu limefika, kete moja imezaa mbili, stakabadhi na sampuli. Spiriti imeyagandisha maziwa, yamerudishwa, kete ya sampuli imeisha. Ya stakabadhi imebaki shimoni, peke yake. Siku ya pili mfugaji yuleyule akaleta maziwa mazuri, majibu yakatoka, yakaikuta stakabadhi ya jana. Zimeandikwa lita za jana!

Niliiangalia kete ile kwa muda mrefu. Nilimkumbuka mama mmoja wa Pongwe aliyeleta lita 9, daftari likasema 6, akaambiwa amesahau. Hakusahau.

Mtaalamu wa kompyuta Mholanzi, Wil van der Aalst, alishaliweka sharti hili miaka ya 1990: kazi ikifika mwisho, isiache kete nyuma. Hapa dawa ni mshale mmoja tu, maziwa yakikataliwa na stakabadhi yake ifutwe palepale.

Kesho alfajiri nakwenda na bao lenyewe, nimwonyeshe mzee kwa kete. Kisha nitaomba daftari la mwezi ule, nizitafute zile lita 3.