Siku moja maishani mwangu: fundi wa kugeuza trela la mizigo kuwa nyumba ya safari

Saa 11 alfajiri niko macho. Chai ya rangi, mkate, jaketi mbili, halafu gari nalipasha moto kwanza, kwa sababu Novemba hapa Elkhart, kaskazini mwa Indiana, baridi imeshaanza kuuma na jua halitoki mpaka karibu saa moja na nusu. Saa 12:30 nafungua karakana na kuwasha hita.

Kwa asiyejua, Elkhart ndio mji wa nyumba za magurudumu Marekani. Viwanda vimejipanga kila upande, mafundi Waamish (Wakristo wa jadi wasioendesha magari) wanaletwa na vani kukiwa bado giza na mchana wenzetu wameshafunga kazi wanarudi kwao. Sisi hatuko kiwandani. Ni karakana ndogo, mimi, mwenzangu mmoja wa Bukavu, na bosi ambaye siku nyingi yuko barabarani anatafuta wateja. Kazi yetu: mtu ananunua trela la mizigo, lile boksi la kawaida lenye fremu ya chuma na bati la alumini ambalo watu wanabebea pikipiki na mashine za kukatia majani, anatuletea, sisi tunaligeuza liwe nyumba ya kusafiri nayo, kitanda, jiko, maji, umeme, kila kitu ndani ya futi 6 kwa 12.

Nyumbani Tanga wanadhani nagongelea mashelfu na kutupia godoro. Mjomba aliniuliza kabisa kwenye simu, yaani Mzungu na hela zake anaenda kulala kwenye kontena? Ndiyo mjomba, na akilala vizuri, akaamka mkavu, akafika salama, ujue kuna fundi alifanya kazi ambayo hakuna mtu ataiona, imefunikwa na mbao. Ndio maana naandika hii, maana picha za mtandaoni zinaonyesha mto na kikombe cha kahawa dirishani tu, ukuta wenyewe haupigwi picha.

Na kwa nini wanahangaika na trela la mizigo wakati nyumba za kiwandani zimejaa mji mzima? Sababu moja ni bei. Lakini pia nyingi za kiwandani za bei ya chini ukuta wake ndani ni vijiti vya mbao, maji yakipenya kidogo tu pembeni ya dirisha zinaoza taratibu na mwenye nyumba hajui mpaka siku ukuta umekuwa laini. Boksi la mizigo mbavu zake ni chuma. Halipendezi, ila ni mfupa mzuri wa kuanzia.

Saa 1 mpaka saa 3 ni ukuta. Mbavu za ukutani ziko kila inchi 16, katikati yake unakata mabodi ya povu gumu, yale ya pinki, unayabana yasiache hata nafasi ya kisu, na pembeni unaziba kwa povu la kopo. Hapa ndipo fundi mzuri anapoonekana. Leo kwenye trela la pili, ambalo bado liko tupu na limelala nje, niliingia na tochi kabla hakujapambazuka nikaona kile ninachowaambia wateja kila siku na hawaamini: kila kichwa cha skrubu kwenye ule ukuta kimeota barafu. Sio ukuta mzima, skrubu tu na mistari ya mbavu, nukta nyeupe zimejipanga kwa safu kutoka chini mpaka juu, ukizigusa kwa kidole zinayeyuka na tone linatiririka. Chuma kinapitisha baridi moja kwa moja kutoka nje. Watu wawili wakilala humo usiku mmoja wanapumua nusu lita ya maji au zaidi, na hayo maji yanatafuta mahali penye baridi kuliko pote, yanaganda pale pale, asubuhi hita ikiwashwa yanashuka kwenye mbao. Kwa hiyo kuweka povu katikati ya mbavu haitoshi, lazima na mbavu yenyewe uivalishe kipande chembamba cha povu kabla hujapiga plaiwudi. Inaongeza kazi ya siku nzima. Wateja wengi wakiona hiyo bei kwenye karatasi wanauliza kama inaweza kuondolewa. Mimi nakataa kabisa kuiondoa, na bosi ananiunga mkono.

Saa 3 tukatoboa paa kwa ajili ya feni, tundu la inchi 14 kwa 14, tepu ya butili (ile ya kunata inayozuia maji) chini, skrubu, halafu ile gundi nzito inayojilaza yenyewe juu yake. Hiyo gundi haipendi baridi ndio maana hita inawaka toka asubuhi. Tukamaliza bila shida.

Saa 4 mteja akaja.

Huyu mzee ni mstaafu, yeye na mkewe wanataka kwenda Arizona kukimbia theluji, na trela lao ndilo tuko nalo nusu ya kazi: ukuta umeshafungwa, kitanda kipo, waya zimepita. Akaingia, akashika shika, akasema safi sana kijana. Halafu akatoa simu. Anayo video. Kuna jamaa kwenye video kaweka jiko lote nyuma kabisa mlangoni, ukifungua milango unapika ukiwa nje, na tangi kubwa la maji liko hapo hapo chini ya jiko. Mzee anataka hivyo. Tangi la galoni 40. Na nyuma ya bampa anataka kichanja cha kubebea baiskeli mbili za umeme.

Nikamwambia mzee wangu, jiko nyuma tunaweza, tangi na baiskeli nyuma hapana.

Hapo ndipo asubuhi yangu iliponiponyoka. Akaanza upya na video, akairudisha mwanzo, anasimamisha, ananionyesha, unaona? unaona? Nikasema naona. Akasema anavuta matrela toka mimi sijazaliwa. Nikasema nakubali mzee. Akasema yeye ndiye analipa. Hilo nalo kweli. Mwenzangu wa Bukavu akaninong'oneza, kaka, huyu mzee iko natafuta nini, nikamwambia ngoja kwanza, lete ile mizani.

Maana haya mambo ya maneno hayamalizi. Trela lake ni la ekseli moja, yaani jozi moja tu ya magurudumu, uzito wote ulioruhusiwa ni paundi 2,990, yaani kama kilo 1,356 hivi, kila kitu ndani yake, na kama mengi ya saizi hiyo halina breki zake lenyewe. Galoni 40 ni lita 151, kwa hiyo kilo 151 za maji. Lakini tatizo lenyewe sio kilo, tatizo ni zinakaa wapi. Kila aliyewahi kusukuma mkokoteni anajua, ukipakia mzigo wote nyuma ya magurudumu mpini unanyanyuka juu na huwezi kuushika tena. Trela ni hivyo hivyo, mpini wake ni ile shingo ya chuma inayoning'inia kwenye gari. Shingo inatakiwa ilalie gari kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote. Ikiwa nyepesi, mkia unaanza kucheza, kushoto kulia, na ukishaanza kwenye mwendo kasi unamvuta dereva na gari lake.

Basi tukazuia matairi kwa magogo, tukaweka stendi mbili chini ya bampa ya nyuma kwa usalama, shingo tukailaza kwenye mizani. Trela lilivyo sasa hivi ni kama kilo 900, mizani ikasoma kilo 110. Vizuri kabisa. Nikamwambia mzee sogea usome mwenyewe. Akasoma. Tukabeba mifuko ya mchanga, ile ya paundi 50, tukapanga sita nyuma kabisa pale anapotaka tangi, na hiyo bado haijafika hata uzito wa tangi lake likijaa. Mizani ikashuka mpaka 54. Mzee kimya. Nikamwambia mwenzangu akae kwenye bampa, yeye ndio baiskeli na kichanja. Akakaa taratibu. Kilo 14.

Yaani trela la zaidi ya kilo 1,100 linalilalia gari kwa kilo 14, ukiinama unanyanyua shingo kwa mkono mmoja, na mzee akainama kweli akainyanyua, akabaki ameishikilia.

Ungedhani tumemaliza. Wapi. Akasema labda mizani mbovu. Tukatoa mifuko, ikarudi 110. Akasema basi atakuwa anaendesha polepole. Akasema basi atasafiri tangi likiwa tupu na kujaza akifika, nikamjibu sasa mzee, si juzi tu uliniambia mnataka kulala jangwani ambako hakuna bomba? Akasema kwani baiskeli zina uzito gani. Tukazunguka hapo hapo mpaka hita ya karakana ikaishiwa mafuta ikazima na mimi nasikia njaa, na muda wote huo mama, mke wa mzee, yuko pembeni amefunga mikono hasemi kitu. Halafu akauliza swali moja tu: tukiwa kwenye ile barabara ya kulipia, I-80/90, na lori kubwa likatupita, itakuwaje?

Nikamwambia mama, upepo wa lori ndio unaoanzisha.

Akamwangalia mumewe. Mzee akauliza, galoni 20 je, na zinakaa wapi. Nikahamisha mifuko mitatu, nikaipanga chini ya kitanda juu ya ekseli, mizani ikatikisika kidogo ikabaki pale pale karibu na 110. Baiskeli zitapanda juu ya gari. Jiko linabaki nyuma kama alivyotaka, tunavuta bomba tu. Likabaki suala la nani analipa hilo bomba na nani analipa kufungua kitanda, hilo nikampigia simu bosi nikawaachia wao, mimi ni seremala, nisije nikafa kwenye hesabu za watu.

Wali na maharage tumekula saa 8 badala ya saa 6, umepoa.

Mchana wote baada ya hapo ni umeme na dari, na masaa yenyewe sikuyaona. Umeme naupenda kwa sababu haubishani. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 kwa volti 12.8 ni wati-saa 1,280, basi, ndio hizo. Mtu akitaka kuchemshia birika la wati 1,000 nusu saa anajua amekula karibu asilimia 40, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ikivuta hizo wati 1,000 kwenye waya wa volti 12 inavuta karibu ampea 100, sasa ukiweka waya mwembamba kwa sababu ni wa bei nafuu unaupika ndani ya ukuta wa mbao mtu akiwa amelala. Waya mnene, fyuzi kubwa karibu kabisa na betri, na kila mahali waya unapopita kwenye tundu la chuma unaweka mpira usikatike kwa mtikisiko wa barabara. Betri yenyewe inakaa ndani, upande wa joto, sababu lithiamu ukiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0 inaharibika moja kwa moja. King'ora cha moshi na cha kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, karibu na kitanda, king'ora cha gesi chini sakafuni kwa sababu gesi ya jiko ni nzito inashuka.

Dari ndio iliyonimaliza. Bodi ya plaiwudi nyembamba, mmoja ameishikilia kwa kichwa na mikono miwili, mwingine anatafuta mbavu zilipo kwa alama za penseli, skrubu ya kwanza ikishika unashusha pumzi, lakini bado zingine nyingi, na mikono iko juu muda wote, damu inashuka kutoka vidoleni, vumbi la povu linaingia kwenye kola na linawasha mpaka ufike nyumbani. Mwenzangu akaanza kuimba nyimbo za kwao kanisani, nikajua na yeye amechoka maana huimba akichoka. Tumefunga bodi ya mwisho nje kukiwa giza tena. Nikaweka pima maji katikati ya dari. Kiputo kimesimama kati kati. Nikamwita aje aone, tukagonganisha ngumi kwa furaha.

Nimefika nyumbani naona ujumbe wa bosi, mzee amekubali kulipa bomba, karakana inabeba kazi ya kitanda. Kwa hiyo kesho asubuhi kabla ya kitu kingine natoa mbao tatu za kitanda, natoboa sakafu kwa ajili ya mkanda wa kushikia tangi, mkanda lazima ufungwe kwenye chuma cha fremu na sio kwenye plaiwudi, na tangi la galoni 20 linaletwa saa 4. Mama amesema atakuja na yeye, anataka kuona likipimwa na maji ndani.