Dumu Chini ya Kitanda

Siku ya 10 bila kutia kitu mdomoni, nesi aliniwekea dumu chini ya kitanda. "Mama, usimwage hata tone. Tunakusanya mkojo wote mpaka kesho saa kama hizi."

Utumbo wangu ulikuwa unavuja baada ya upasuaji, nami nilikuwa naishi kwa lita mbili za dripu ya sukari kwa siku. Kukonda nilikuona. Nilichokuwa sikijui ni kilichokuwa kinaondoka. Majibu yalipotoka, daktari aliketi kando yangu akanipigia hesabu: naitrojeni gramu 12. Kila gramu moja inatokana na protini gramu 6.25, na ukihesabu msuli pamoja na maji yake, ni gramu 30 hivi. Yaani kwa siku moja nilikuwa nimekojoa gramu 360 za msuli. Nililitazama paja langu, nikanyamaza.

Mbona mwili hauli mafuta, nami ninayo? Unayala, akasema, lakini ubongo unadai sukari, na mafuta hayatoi sukari ya kutosha. Akiba ya ini huisha kwa siku moja hivi. Hapo misuli huvunjwa, asidi amino zake, yaani vipande vinavyojenga protini, zikaenda kwenye ini kugeuzwa glukosi, ile sukari ya damu. Mtu mwenye afya akikaa na njaa kwa wiki kadhaa, ubongo wake huzoea ketoni, nishati ambayo ini hutengeneza kutokana na mafuta, na protini inayopotea hushuka kutoka gramu 75 hivi kwa siku hadi karibu 20. Mwenye kidonda na homa hapati ahueni hiyo. Hilo liliniuma kuliko njaa yenyewe. Gramu 100 za sukari nilizokuwa napata ziliokoa sehemu tu ya msuli.

Jioni waliniingizia mrija kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Nilipoiona chupa ya chakula cha kupitia mshipani, nyeupe kama maziwa, niliomba waifungulie ikimbie. Wakakataa. Nilichomwa kwanza vitamini B1, kisha wakaanza na kalori 10 tu kwa kila kilo ya uzito wangu.

Hata hivyo, siku ya tatu vidole vililegea, nikashindwa kushika kalamu. Insulini ilikuwa imepanda kwa ajili ya chakula kipya, ikavuta madini ya fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu na kuziingiza kwenye seli. Walipunguza kasi, wakanirudishia fosfeti kwa dripu, na baada ya siku mbili kalamu ilikaa mkononi.

Wiki ya tatu dumu lilirudi chini ya kitanda. Naitrojeni iliyoingia gramu 14, iliyotoka 11. Nilimwomba nesi karatasi, nikaziandika namba hizo mwenyewe.