Usiku umeme ulipokatika maabara

Nilikuwa Senior Four, yaani kidato cha nne, baba alipolazwa, mapafu yamejaa maji. Mara kadhaa kwa siku muuguzi alimchoma ateri ya kifundo cha mkono, akavuta damu, ikapelekwa kwenye mashine ya kupima gesi. Baadaye kinarudi kikaratasi chenye namba moja ya oksijeni. Mimi nimekaa pembeni nikikitazama kifua chake kikiinuka na kushuka kwa nguvu ya mashine ya kupumulia, najiuliza: namba hii ni ya pumzi ipi?

Jibu nililipata chuoni, Kampala, baba akiwa ameshatutoka. Mapafu yakiumia vibaya, baadhi ya vifuko vyake vya hewa hufunguka pumzi ikiingia na kujifunga ikitoka, hivyo oksijeni kwenye ateri inaweza kupanda na kushuka ndani ya pumzi moja. Kipimo cha polepole kinakupa wastani tu, na wastani unaficha. Watafiti wa Oxford walikuwa wametengeneza kihisi cha kasi kwenye ncha ya faiba, uzi mwembamba unaopitisha mwanga, wakakiingiza kwenye ateri za nguruwe wenye mapafu yaliyoumizwa, wakaiona oksijeni ikipanda na kushuka kwa kila pumzi. Nikasema mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni huu, hata kama changu kitapima hewa tu, si damu.

Kazi ya mikono nilifundishwa na mzee wa maabara, mwanajeshi mstaafu wa kitengo cha mawasiliano. Mimi nimekulia kambi ya polisi Naguru, kwa hiyo Kiswahili kilitukutanisha siku ya kwanza.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Lete huo uzi."

Faiba ya plastiki niliyoanza nayo ilikuwa imeyeyuka ncha mara tu nilipoichovya kwenye dawa ya kupaka ncha, kwa sababu toluini, kiyeyushi kilichomo, inakula plastiki ile. Tukahamia faiba ya kioo. Mzee aliivua ganda, akaifuta kwa spiriti, akaikwaruza mara moja tu kwa kisu cha almasi, kisha akaivuta taratibu mpaka ikakatika yenyewe. Chini ya hadubini ncha ilikuwa bapa kama kioo cha dirisha. Kila kipande kilichobaki alikibandika kwenye utepe, asije mtu akachomwa na kioo asichokiona.

Dawa yenyewe tuliyopaka kwenye ncha ni rangi yenye platina ndani yake, iliyochanganywa na plastiki ya polistairini. Molekuli yake ina umbo la pete, jamaa ya ile hemu inayobeba oksijeni kwenye damu yetu. Ukiimulika kwa mwanga wa kijani, inang'aa nyekundu. Oksijeni ikiigusa, inainyang'anya nishati kabla haijatoka kama mwanga. Kadiri oksijeni inavyozidi, ndivyo wekundu unavyofifia na kuzimika upesi. Nilipima muda wa kuzimika, si ukali wa mwanga, maana faiba ikipinda kidogo tu ukali unabadilika. Na uzuri wake mkubwa, kwangu mimi, ni kwamba kihisi hiki hakili oksijeni kinayoipima, tofauti na elektrodi ya Clark, kipimo cha umeme ambacho huitumia oksijeni kinapoipima.

Lakini kilikuwa kizito. Sekunde sita mpaka kionyeshe badiliko! Baba angekuwa ameshavuta pumzi nyingine.

"Umepaka nene," mzee alisema. "Oksijeni mpaka ifike ndani, imechoka."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Ukipunguza unene wa utando kwa nusu, muda unashuka hadi robo. Nikazimua dawa, nikajifunza kuichomoa faiba polepole mno, kwa sababu ukiichomoa haraka inatoka na dawa nyingi. Kasi ikaja. Ila mstari wa muda ule kwenye skrini ulikuwa na manyoya, na kwa wiki tatu nililaumu utando. Nilipaka upya, nikapaka tena.

Usiku mmoja, kama saa tatu, umeme ukakatika. Laptopu na kile kisanduku cha vipimo vilikuwa vinatumia betri, vikaendelea. Gizani palibaki nukta moja ya kijani kwenye ncha ya faiba, na mstari ule ukatulia, laini kama uliochorwa kwa rula. Ilikuwa ile taa ya tyubu ya darini, inayometa mara 100 kwa sekunde, ndiyo iliyokuwa ikiingia kwenye faiba muda wote.

Sikuweza kusema kitu. Mzee aliinama, akaweka mrija mdomoni, akaipumulia ile nukta. Hewa tunayotoa ina oksijeni kama asilimia 16, chini ya zile 21 za chumbani, hivyo wekundu ukachelewa kuzimika na mstari ukapanda papo hapo. Akavuta, ukashuka. Akapumua haraka haraka kama mtu aliyetoka kukimbia, mawimbi yakamfuata moja moja. Katikati akakohoa, na kikohozi chake kikaonekana, kijino kidogo mgongoni mwa wimbi.

"Hiki ni mimi?" akauliza.

"Ni wewe, mzee."

Akakitazama kile kijino. Umeme ukarudi, tyubu ikawaka, mstari ukaota manyoya tena. Mzee akanyanyuka, akaizima taa, akarudi kukaa.

"Endelea," alisema, akachukua mrija.