Kitambi kilitoka, nguvu zikabaki

Kila alfajiri nilikimbia kutoka Langoni hadi Shela, kisiwani Lamu, kisha nikashinda na chai ya rangi. Kilo zilishuka, ila nguvu nazo zikaondoka: dumu la lita 20 likanishinda ngazini. Kumbe mwili ukinyimwa chakula na misuli haina kazi nzito, misuli nayo huliwa.

Nikapunguza mbio. Siku 3 kwa wiki nikawa nachuchumaa na kuinua madumu yaleyale ya maji, nikiongeza pushapu. Mahamri 4 yakawa 1 (hilo liliniuma!), mbaazi na samaki wa kuchoma vikazidi: protini kama gramu 1.6 kwa siku kwa kila kilo ya mwili.

Wiki 3 mizani haikusogea. Kikoi ndicho kilichonipa habari: pindo lililoishia kitovuni sasa linafika nyongani.