Plastiki ikilegea, waya ndo unabaki na mzigo

Pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, ukitaka kununua waya uliovikwa plastiki, huu wa kuanikia nguo au wa kutandazia pasheni, muuzaji anauvuta mbele yako kwa nguvu zote, unaona kweli haukatiki, unalipa unaondoka. Sasa kuvuta dakika moja hakukwambii chochote kuhusu mzigo utakaokaa hapo miaka.

Plastiki ukiitundikia uzito inavutika kidogo hapohapo, alafu inaendelea kuvutika taratibu hata kama hujaongeza kitu, na jua likipiga inaenda kasi zaidi, wataalamu wanaita kripu. Ndo maana pasheni zikitandazwa kwenye kamba tupu ya plastiki inabidi ukaze na ukaze tena. Chuma, yaani ule waya wa ndani, kwenye joto letu hili hakivutiki hivyo.

Ukiviweka pamoja vinagawana mzigo, ila sio sawasawa. Chuma ni kigumu kuvutika kama mara 200 ya plastiki iitwayo poliethilini ngumu, kwa hiyo hata waya ukiwa sehemu 1 tu kati ya 100 ya kipande, siku ya kwanza tayari umebeba karibu theluthi mbili, na ile theluthi iliyobaki inauhamia polepole kadiri plastiki inavyolegea, mpaka waya unabeba karibu wote na kipande kinaacha kuvutika, kikiwa kimeongezeka kama mara moja na nusu ya kile kivutiko cha mwanzo. Mi hapo ndo huwa napapenda kuliko pote, yaani kinalegea lakini kina mahali pa kusimama!

Ila waya uwe mzima mwanzo hadi mwisho na uwe umeshikwa. Ukiwa vipande vipande mzigo unapita kwenye plastiki katikati yake, kripu inarudi palepale.

Na wengi tunafungaje kwenye nguzo? Fundo juu ya plastiki. Kaangalie ncha ya waya wa zamani uliofungwa hivyo, plastiki imeminywa na fundo hadi imekuwa bapa, na waya umezama ndani, hauuoni tena pale ulipokatwa, kwa sababu umekuwa ukiteleza muda wote huo na plastiki ndo imeachiwa kazi peke yake. Menya plastiki kwenye ncha, zungusha waya mtupu kwenye nguzo kisha ujisokotee wenyewe kwa koleo, alafu paka lami au rangi pale ulipomenya maana maji yakipenya kutu inaachanisha waya na plastiki kwa ndani, na mvua za Rungwe unazijua.