Kabla hatujapanua tena

Jamani, jioni hii nimenasa kwenye daladala pale Tazara, Dar es Salaam, chini ya Daraja la Mfugale. Juu, magari ya uwanja wa ndege yanateleza tu. Huku chini, taa ya kijani inawaka na hakuna anayesogea, lori la kontena limeziba makutano. Daraja lilifunguliwa 2018 na limewasaidia kweli wa Barabara ya Nyerere. Sisi wa Barabara ya Mandela inayopita chini, tunaotoka Buguruni kwenda Temeke, bado tuko kwenye taa.

Kwa hiyo nikisikia habari za kupanua barabara kwa kuongeza njia za magari, naomba wahusika wafikirie upya. Njia mpya hujaa magari mapya. Basi refu la mwendokasi hubeba watu zaidi ya 100, tupeni hayo kwanza, na pa kuvukia kwa miguu.