Ninavyousoma mfumuko wa bei kupitia soda

Kazi yangu ni vinywaji vya sherehe, Dar es Salaam. Kamati ya harusi inataka bajeti leo, sherehe iko miezi kadhaa mbele, na bei niliyoandika ndiyo nitakayodaiwa siku ya kununua kreti. Takwimu za mfumuko wa bei zinazotolewa kila mwezi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu nazifuatilia na naziheshimu, lakini kapu lao lina bidhaa na huduma 383, na mimi nauza soda. Nikafungua daftari langu la bei za soda.

Jambo ninalolishikilia kuliko yote ni duka lile lile, chupa ile ile. Soda moja ina bei yake dukani Sinza, nyingine stendi ya Magufuli kule Mbezi, na baa ndiyo kabisa. Ukiuliza Mbagala mwezi huu na Masaki mwezi ujao, wastani utapanda wakati hakuna aliyepandisha bei. Naandika pia ujazo, kwa sababu kampuni ikitoa plastiki ya mililita 400 mahali pa nusu lita kwa shilingi 1,000 ile ile, lita imepanda kutoka 2,000 hadi 2,500. Hiyo ni asilimia 25, na mnywaji anaona bei haijaguswa.

Kilichonifunza zaidi ni chenji. Kreti ina chupa 24, kwa hiyo wakala akiongeza shilingi 600, kila chupa imepanda 25. Nilimuuliza Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu, kwa nini hapandishi kidogo kidogo, akanijibu: "Dada, nikiuza mia tano ishirini na tano, hiyo ishirini na tano nitaitoa wapi?" Basi anaimeza. Anaimeza na nyongeza inayofuata, mpaka siku faida imeisha ndipo anaruka kutoka 500 hadi 600. Wateja wanalalamika kwamba soda imepanda asilimia 20 kwa usiku mmoja, na ni kweli. Lakini kama bei ilikuwa imetulia miaka mitano, huo mruko ni sawa na kama asilimia 3.7 kwa mwaka. Linganisha na mfumuko wa bei nchini: asilimia 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Mangi hakumwibia mtu.

Marekani yaliwakuta hayo hayo kwa ukubwa wa kutisha. Chupa ya Coca-Cola iliuzwa senti 5 tangu karne ya 19 hadi miaka ya 1950, na sababu mojawapo ni mashine za kuuzia zilizopokea sarafu ya senti 5 tu. Mkuu wa kampuni, Robert Woodruff, alifikia kumwomba Rais Eisenhower itengenezwe sarafu ya senti 7 na nusu. Hakupewa.

Kwa hiyo bei ya duka moja hainiambii kitu. Wastani wa maduka mengi, yale yale kila mara, ndio unaosema. Wote wakiwa 500, kumetulia. Wastani ukisoma 520, duka moja kati ya matano limeshavuka kwenda 600, na wengine wanavizia. Bei ya kreti kwa wakala naiandika ukurasa wa pembeni, maana yenyewe hutangulia.

Mwanzoni mwa 2024, mvua zilipovuruga uvunaji wa miwa na sukari ya nyumbani ikaadimika, kila mtu aliniambia soda itapanda. Daftari langu halikutikisika. Viwanda vya soda vinatumia sukari ya viwandani, nayo inaagizwa kutoka nje, kwa hiyo bei ya dola inanihusu kuliko foleni ya sukari dukani. Mafuta pia nayaangalia kila EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei mpya, maana kreti hazitembei zenyewe.

Siku hizi, wastani ukishaanza kuondoka kwenye 500, kamati yenye hela mkononi naishauri ilipie kreti mapema kwa wakala. Isiyo nazo naipigia hesabu ya 600 tangu kikao cha kwanza, nawaeleza sababu kwa kuwafungulia daftari, na kikibaki kitu narudisha kwa mweka hazina.